MTU ALIYETUACHIA NENO JEEP
Maisha ya Elzie Segar, mchoraji wa Popeye (1894–1938)



Katika namba zilizotangulia mulisoma maisha ya David Livingstone, ya Simon Kimbangu na ya Nelson Mandela. Mara hii tunawaletea mtu wa namna ingine. Hakutawala nchi wala hakuvumbua dawa. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za kuchekesha katika magazeti ya Marekani, na alikufa wakati babu zetu wengi hawajazaliwa bado. Lakini neno moja lililotoka katika kalamu yake linasemwa kila siku kutoka Sake mpaka Hombo. Watoto wadogo wa Nyabiondo wanalijua kabla hawajajua kuhesabu mpaka kumi. Neno lenyewe ni jeep.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunaita jeep kila motokari ya kusimama juu yenye kuvuta kwa magurudumu yote mane. Land Cruiser ya hospitali ni jeep. Patrol ya askari ni jeep. Pikapu ya mchuuzi wa Mubi, yenye kubeba mifuko ya samaki na watu juu ya mifuko, ikipita vizuri katika matope nayo itaitwa jeep kwa heshima. Lakini jeep ya kweli, ile yenye jina hilo limeandikwa puani, wengi wetu hatujaiona hata siku moja. Iko kama biki: kalamu yoyote ni biki. Iko kama omo: sabuni yoyote ya unga ni omo. Hata hii ronéo tunayozungusha kwa mkono ili mupate gazeti lenu, jina lake lilikuwa la kampuni moja tu, leo ni la mashine yoyote yenye kupitisha wino katika stensili.

Jeep inashinda hayo yote kwa ajabu. Biki na omo yalianza kama majina ya wenye biashara. Jeep, kabla ya kuwa jina la kampuni, kabla hata ya kuwa jina la motokari, alikuwa mnyama. Mnyama wa katuni, wa rangi ya manjano, mwenye kula maua. Ubishi juu ya jambo hili ulianza katika bweni letu saa ya kulala, ukapita katika refektwari, na mwisho ukafika mbele ya walimu. Njo maana tulitafuta maisha ya mtu huyu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Elzie Crisler Segar alizaliwa tarehe 8 Desemba 1894 katika Chester, mji mdogo wa jimbo la Illinois, kando ya mto Mississippi. Lowa yetu, hata ikijaa mvua ya Novemba, ni mtoto mchanga mbele ya mto ule. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya mikono: alipaka nyumba rangi na kubandika karatasi za mapambo katika kuta. Kijana alimsaidia katika kazi hiyo.

Katika Chester kulikuwa jumba moja la michezo lililoitwa Opera House. Segar alipata kazi pale tangu ujana wake. Siku zile filamu hazikuwa na sauti. Watu walitazama farasi wakikimbia kimya kimya, na ilikuwa lazima mtu akae pembeni apige piano au ngoma ili moyo wa watazamaji uruke. Segar alizungusha mashine ya filamu, na mara ingine alipiga ngoma. Tunafikiri mahali pale njo alijifunza kazi yake, kuliko mahali pengine popote. Mtu mwenye kuona filamu ileile usiku kwa usiku, na kusikiliza watu wanacheka wapi na wananyamaza wapi, anajua siri ambayo vitabu haviwezi kumwonyesha.

Alipofikisha miaka 18, umri wetu sisi tunaoandika ukurasa huu, alikata shauri kuwa mchoraji wa katuni. Alijiandikisha katika masomo ya kuchora kwa njia ya posta. Mwalimu wake, W. L. Evans, alikaa katika mji wa Cleveland, mbali sana. Masomo yalikuja katika bahasha, naye alirudisha michoro katika bahasha. Mchana alifanya kazi, jioni alikuwa katika sinema. Sinema ikiisha kufungwa aliwasha taa ya mafuta kama saa sita ya usiku, na kuchora mpaka saa tisa. Sisi wenye kurudilia masomo kwa tochi wakati grupu imezimika tunajua ginsi macho yanavyowasha saa ile. Wengine wanafunga daftari. Segar hakufunga.

Kisha akaenda Chicago. Pale alikutana na Richard Outcault, mchoraji mwenye sifa sana wakati ule, aliyefanya watu wa New York wapende katuni za magazeti tangu 1895. Mzee huyu alimpenda kijana na kumsaidia apate kazi katika gazeti la Chicago Herald. Mwaka 1916 Segar alianza kuchora vichekesho vya Charlie Chaplin, yule mchezaji wa filamu mwenye kofia na fimbo. Ona namna mambo yanavyoenda: kijana aliyezungusha filamu sasa anachora mtu wa filamu. Mwaka 1918 alihamia gazeti lingine la Chicago, mali ya tajiri William Randolph Hearst, na mwaka uleule alimwoa Myrtle Johnson. Walizaa watoto wawili.

Mwishoni mwa 1919 alikuwa amefika New York. Tarehe 19 Desemba 1919 alianza katuni yake iliyoitwa Thimble Theatre, maana yake jumba la michezo dogo kama kile kikofia cha chuma ambacho fundi wa nguo anavaa kidoleni asichomwe na sindano. Ndani yake alitia msichana mwembamba kama fito, Olive Oyl, na kaka yake Castor Oyl. Wenye kusoma Kingereza watacheka hapa: dada ni mafuta ya zeituni, na kaka ni mafuta ya nyonyo, yale ya kuharisha. Segar alipenda majina ya namna hiyo. Kwa miaka karibu kumi katuni hii iliendelea, watu waliipenda kiasi, na kama angekufa wakati ule leo hakuna mtu angemkumbuka.

Tarehe 17 Januari 1929 jambo liligeuka. Katika hadithi ya siku zile Castor Oyl alikuwa na kuku wa bahati, naye alitaka kusafiri mpaka kisiwa kimoja cha kucheza kamari. Alihitaji baharia. Segar akachora mtu mmoja wa gati, jicho moja limefumba, kiko mdomoni, mikono imevimba chini ya viwiko. Jina lake Popeye. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashua tu, kisha aende zake. Safari ilipoisha Segar alimwondoa kweli. Lakini wasomaji walimtaka, ikabidi arudishwe, na baada ya muda kidogo katuni nzima ikawa yake. Olive Oyl mwenyewe alimwacha mchumba wake wa miaka kumi.

Watu wa Chester walipoona magazeti walitambua jirani zao. Katika mji ule kulikuwa bwana mmoja aliyeitwa Frank Fiegel, mwepesi wa kupigana, mwenye kiko. Kulikuwa mama wa duka, Dora Paskel, mrefu na mwembamba sana, mwenye kufunga nywele zake nyuma. Na mwenye Opera House, Bwana Schuchert, alipenda mikate ya nyama kupita kiasi. Kutoka kwa hao watatu, kama watu wa Chester wanavyosema mpaka leo, tulipata Popeye, Olive Oyl na Wimpy. Wimpy ni yule mnene aliyeonekana 1931, mwenye kuomba mkate wa nyama leo na kuahidi kulipa Jumanne. Jumanne ile haifiki. Wasomaji wa wakati ule walimwelewa haraka sana, kwa kuwa tangu Oktoba 1929 biashara ya Marekani ilikuwa imeanguka, na mamilioni ya watu walikosa kazi. Sisi pia tunamwelewa. Mama wa kantini yetu ana daftari nzima ya Wimpy.

Jambo lililotupendeza zaidi ni lugha ya Popeye. Huyu baharia anavunja sarufi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Anachanganya maneno, anameza herufi, anatia zingine pasipofaa. Segar aliandika jinsi watu wa gati walivyosema, wala hakujaribu kuwasafisha. Njo maana, tunafikiri, maneno yake yalitoka katika karatasi na kuingia mdomoni mwa watu kwa urahisi. Yalikuwa yametoka mdomoni kwanza. Walimu wetu wa lugha watusamehe, lakini Kiswahili chetu cha barabara ya Walikale nacho kinasafiri mbali kuliko kile cha kamusi.

Maneno yenyewe ni mengi. Jina la Wimpy lilichukuliwa na mwenye mgahawa mmoja wa Marekani mwaka 1934, na baada ya vita kuu migahawa ya jina hilo ilienea Uingereza na mpaka Afrika ya Kusini. Mwaka 1933 Segar alichora watu wa kutisha wa kisiwa fulani, wenye pua ndefu na mikono yenye manyoya, akawaita Goon. Neno lilikuwapo kidogo kabla yake, lakini yeye njo alilisambaza. Katika vita ya pili ya dunia wafungwa wa Uingereza na Marekani walilitumia kuwaita walinzi wao Wajerumani, na leo katika Kingereza ni mtu wa kupiga watu kwa malipo. Na mboga ya Popeye, ile spinachi inayomtia nguvu, ilipata heshima kubwa hata wakulima wa Crystal City, katika jimbo la Texas, walimsimamishia Popeye sanamu mwaka 1937, wakati Segar mwenyewe yu hai bado. Hapa kwetu spinachi si nyingi. Mwanafunzi mwenye kumaliza sahani mbili za lengalenga, au za sombe, tunamwita Popeye, na hakuna anayeuliza jina limetoka wapi.

Sasa tufike kwa mnyama.

Katika Machi 1936 Olive Oyl alipokea sanduku kutoka kwa mjomba wake. Ndani ya sanduku mulikuwa kiumbe kama mbwa mdogo, mwenye pua kubwa na mkia mrefu, mwenye kusimama kwa miguu ya nyuma. Sauti yake ilikuwa moja tu, jeep, jeep, kama kifaranga. Kwa sababu hiyo aliitwa Jeep, na jina lake la pili Eugene. Alikula okidi na hakula kitu kingine chochote. Aliweza kupotea machoni pa watu na kutokea pengine. Ukuta haukumzuia wala mlango wa chuma. Na sifa yake kubwa ni hii: alijua mambo yajayo na hakuweza kusema uongo. Ukimwuliza swali, alijibu kwa mkia.

Ametoka wapi? Katika hadithi profesa mmoja anaeleza kwamba chembe za uhai za ulimwengu mwingine, wenye vipimo vine badala ya vitatu, zilivuka mpaka na kuungana na chembe za mbwa fulani wa Afrika. Ndiyo, ndugu zetu, wa Afrika. Tulisoma mahali hapo mara tatu. Hapa tunamlaumu Segar kidogo. Yeye, kama wachoraji wengi wa siku zile, alitumia Afrika kama ghala ya maajabu, mahali ambapo jambo lolote lisilowezekana linaota lenyewe kama uyoga. Miaka sita mbele yake, 1930, Hergé wa Ubelgiji alikuwa ameanza kumtembeza Tintin katika Kongo yetu, na sura alizotuchorea pale zinatuudhi mpaka leo. Mnyama wa Segar hamtukani mtu. Tena okidi ni kweli zetu. Ninyi wa Walikale munazijua, yale maua yenye kuota juu ya matawi ya miti mikubwa bila kugusa udongo. Jeep angetoroka kwa Olive Oyl na kuja kwetu, hangelala njaa.

Segar hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa amehamia California, kando ya bahari, katika mji wa Santa Monica. Alipenda kuvua samaki, na kijana aliyemsaidia kazi, Bud Sagendorf, alikwenda pamoja naye, wakitunga hadithi huku ndoano ziko majini. Sagendorf huyu aliendesha katuni ya Popeye kwa miaka mingi baadaye. Kisha ugonjwa wa ini na wa damu ulimshika Segar. Alikufa tarehe 13 Oktoba 1938. Alikuwa na miaka 43.

Munaona tarehe? Mwaka 1938. Motokari ya jeep haikuwapo. Mtu aliyelisambaza neno hili duniani hakuona hata siku moja kitu tunachokiita kwa neno hilo.

Motokari ilikuja hivi. Katika Julai 1940, wakati Ufaransa imekwisha kuanguka mbele ya Wajerumani, jeshi la Marekani liliomba makampuni zaidi ya mia moja watengeneze gari ndogo, nyepesi, yenye kuvuta kwa magurudumu mane. Kampuni ndogo ya Bantam ilileta ya kwanza katika Septemba mwaka uleule. Kisha Willys na Ford walitengeneza zao, na mwisho wa vita zaidi ya 600,000 zilikuwa zimetoka viwandani. Askari njo walioita gari ile jeep.

Juu ya sababu yake, hapa ubishi wa bweni uliwaka. Mwalimu wetu mmoja alifundisha kwamba ni herufi mbili za Kingereza, G na P, zilizosomwa haraka, na maana yake ni gari la kazi zote. Kamusi nyingi zinataja herufi hizo na mnyama vilevile. Sisi, kwa heshima yote, tunaegemea upande wa mnyama, na tunatoa sababu. Kwanza, kwa Ford herufi G ilikuwa ya Serikali, na P ilikuwa alama ya urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Maneno ya kazi zote hayakuwamo. Pili, jina jeep lilikuwa limekwisha kupewa magari mengine ya nguvu kabla ya ile ndogo kuonekana. Tatu, askari wale walikuwa vijana wa umri wetu, na mwaka 1936 walikuwa wavulana wenye kunyang'anyana gazeti la katuni. Waliona kigari chenye kupanda ngazi, kuvuka mto na kutokea mahali ambapo gari haipaswi kutokea. Wangekiita nini kingine? Mwalimu alikubali sababu ya kwanza, ya pili akasema atachunguza, ya tatu alicheka tu.

Mwaka 1950 kampuni ya Willys ilipata haki ya jina mbele ya sheria. Walikuwa wamechelewa, maana dunia nzima ilikuwa imekwisha kulichukua. Katika Filipino watu walirefusha jeep zilizoachwa na jeshi na kuzifanya gari za abiria, na jina lake pia likarefuka, jeepney. Huku kwetu wazee wa Masisi wanakumbuka jeep za wazungu wa mashamba ya pareto na kahawa, na jeep za askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja Kongo mwaka 1960. Gari zile zimekwisha kuoza. Jina lilihamia kwa Land Rover, kisha kwa Toyota.

Katika nchi zenye barabara nzuri neno hili ni neno la mchezo, la matajiri wenye kwenda kutembea milimani. Kwetu si hivyo. Kutoka Masisi-centre mpaka Goma ni kama kilometa 80 tu, lakini mvua ikinyesha safari inaweza kumaliza siku nzima, na usiku ukakukuta bado unasukuma. Walikale ni taabu zaidi. Kwa miaka mingi mawe ya kasiterite ya Bisie yalifungwa katika ndege ndogo zilizotua juu ya barabara yenyewe, pale Kilambo, kwa sababu kupita angani kulikuwa rahisi kuliko kupita chini. Nchi ya namna hii, gari yenye kufika inakuwa habari. Kabla haijaonekana imesikika, na watoto wamekwisha kupiga kelele, jeep, jeep! Kama kifaranga yule wa Segar, nao hawajui.

Sasa musikilize mama zao. Mama hakimbilii barabarani. Anauliza kwanza rangi.

Ikiwa ni nyeupe yenye alama mlangoni, labda ni ya chanjo, labda ya MSF, walioanza kazi katika hospitali ya Masisi mwaka 2007. Hiyo watu wanaingoja. Mwanamke mwenye kushikwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya tumboni, wanaume wanne wanambeba katika kipoyi mpaka mahali ambapo njia ya miguu inakutana na barabara, na pale wanakaa chini wakitega masikio upande wa mlima. Wengine wetu katika shule hii tulizaliwa kwa sababu jeep ilifika. Wengine tuna mama wadogo waliozikwa kwa sababu siku ile haikufika.

Ikiwa ni ya rangi ya majani, na watu wamejaa nyuma, mama anachukua sufuria na kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, na haulizi swali la pili. Tangu vita ya 1993, iliyoanza sokoni Ntoto, vijiji vyetu vimejifunza kusikiliza motere. Watu walikimbia 1996, wakakimbia 2012, na katika Januari 2025 Masisi-centre iliposhikwa, na Machi Walikale-centre, walikimbia tena, wengine kwa kukimbilia mahali walipotoka mwezi uliotangulia. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu alitwambia kwamba kwao bibi anajua jeep ya hospitali na jeep ya vita kwa sauti tu, kabla ya kona. Hajawahi kupanda hata moja.

Basi tulipofika mahali pale penye mnyama mwenye kujua yajayo na asiyeweza kudanganya, tulinyamaza kidogo. Segar alimchora ili watu wacheke na kushinda kamari. Sisi tungemweka penye njia panda ya Kashebere, tumpe okidi zote za msitu, na tumwulize swali moja tu: hii yenye kuja, ni ya nani? Halafu tutazame mkia.

Turudi kwa maneno. Segar si peke yake katika mambo haya. Katika Tanzania gazeti la Uhuru lilikuwa na mtu wa katuni aliyeitwa Chakubanga, kazi ya mchoraji Christian Gregory, na watu walimzoea hata katuni yoyote, ya mchoraji yeyote, ikaitwa chakubanga. Kinshasa walikuwa na gazeti la vijana, Jeunes pour Jeunes, lililoanza 1968. Ndani yake mulikuwa askari polisi Apolosa, na lugha iliyosemwa pale ilikuwa hindubill, ile ya vijana wa mitaa. Katika ekipi yetu ya mpira kuna beki mmoja tunayemwita Jeep, kwa kuwa uwanja ukijaa matope yeye njo anaanza kucheza. Upande wa pili wanalia wakisikia jina.

Chester haikumsahau mtoto wake. Mwaka 1977 walimsimamishia Popeye sanamu ya shaba karibu na daraja la Mississippi, na tangu 2006 walianza kuongeza wenzake, mmoja baada ya mwingine, Wimpy mbele. Mnyama Jeep naye yuko pale, pamoja na Olive Oyl.

Wengi mumetuuliza kwa nini ukurasa huu una picha ya Popeye na hauna picha ya Jeep mwenyewe. Sababu ni sheria. Kwa sheria ya Marekani Popeye wa 1929, yule wa kwanza, aliachiliwa tarehe 1 Januari 2025, na mtu yeyote anaweza kumchora. Jeep ni wa 1936. Yeye ataachiliwa 2032, wakati huo sisi wa mwaka wa mwisho tutakuwa tumemaliza mtihani wa Leta miaka mingi, Mungu akipenda. Mchoraji wetu wa darasa la tano amechora Popeye bila spinachi, vile alivyokuwa siku ya kwanza. Mkono wa kushoto haupo kwa sababu stensili ilipasuka pale.

Doyen wa shule, mwaka wa mwisho